Tupeane uzoefu: nyuma ya wodi, ni idara gani ya hospitali ilimshika mgonjwa wako?

BintiWaMvumi (mwanzisha uzi)

Wana Dodoma na majirani zetu wa Singida, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nimetoka hospitali juzi baada ya siku 23 za kumuuguza mama. Alianguka uani akiwa na ndoo ya maji, mfupa ukavunjika pale kwenye nyonga. Tulimleta mjini kwa gari la jirani, amelala kwenye godoro nyuma, na kila tulipopita shimo alinishika mkono bila kusema neno.

Hospitali nilikuwa naijua kama wengi wetu tunavyoijua: daktari, nesi, kitanda, dirisha la dawa. Kumbe wodi ni sebule tu. Kazi kubwa inafanyika vyumba vya ndani ambako sisi ndugu hatufiki, na wanaoifanya hatuwajui hata kwa sura.

Kwangu mimi waliomshika mama ni watu wa mazoezi tiba. Kijana wao alikuja siku ya pili, mguu ukiwa bado unavutwa kwa uzito, upasuaji haujafanyika. Nilimjia juu. Nikamwambia mtu amevunjika, unataka afanye mazoezi gani? Hakunijibu vibaya. Aliomba chupa tupu ya maji na mrija. Akajaza maji nusu, akamwambia mama apulize mpaka yatoe mapovu, mara kumi, kila saa akiwa macho. Ndipo akanieleza: mzee akilala chali siku nyingi, sehemu ya chini ya mapafu haifunguki vizuri, makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Mzee aliyevunjika nyonga anaweza kuondoka kwa nimonia huku mfupa wenyewe ungepona. Halafu akamfundisha kukunja na kunyoosha kifundo cha mguu mzima na cha mguu mgonjwa kadiri anavyoweza, ili damu isigande miguuni. Mimi akanifundisha kumgeuza kila baada ya saa 2, kwa shuka, bila kumburuta, maana kuburuta ndiko kunakochuna ngozi.

Kitanda cha pili kulikuwa na bibi mmoja ambaye ndugu zake walikuwa mbali, wanakuja mara moja kwa wiki. Alikuwa tayari ana kidonda cha mgandamizo juu ya makalio, kinaingia vidole viwili. Nesi wa usiku alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Nilipojua kumgeuza mama, nikawa namgeuza na bibi. Najiuliza mpaka leo, kama mtu angenifundisha siku ya kwanza badala ya ya pili, je, na kama angewafundisha ndugu zake siku walipomleta.

Kesho yake baada ya upasuaji mama aliketishwa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia. Akaona kizunguzungu, akalazwa, akaketishwa tena. Siku ya tatu akasimama na lile gongo la miguu minne.

Naomba kila mwenye kisa aandike. Iwe maabara, eksirei, damu, lishe, famasi, mochwari, popote. Lakini kwenye lawama tusitaje hospitali wala mtu, nataka tujifunze, siyo tugombane.

MzeeWaManyoni

Marahaba binti, na mama apone.

Mimi ni damu. Mke wangu alijifungua salama, mtoto akalia, tukashangilia. Nusu saa baadaye damu ikawa haikati. Nikaitwa nje, nikaambiwa tafuteni watu wa kuchangia. Nilitoka mbio mpaka kijiwe cha bodaboda pale nje. Nikawaeleza. Vijana 4 walizima pikipiki zao wakanifuata, hawanijui siwajui.

Jambo nililokuwa silijui ni hili. Damu yangu na ya wale vijana haikwenda kwa mke wangu usiku ule. Ikitoka mkononi mwako lazima ipimwe kwanza: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Halafu ndiyo iwekwe kwenye jokofu. Alichowekewa mke wangu ni chupa 3 zilizokuwa tayari kwenye jokofu, na kabla ya kuwekewa ilichukuliwa damu yake kidogo ikachanganywa na ya kila chupa kuona kama zinapatana, hata kama kundi ni lile lile. Nilikuwa nagonga mlango nikilia kwamba wanachelewa. Hawakuwa wanachelewa. Chupa ambayo haipatani ingeweza kumuua.

Nilimuuliza yule mama wa maabara, hizi 3 zimetoka kwa nani? Akasema hawezi kujua kwa jina, ila wiki ile walikuwa wamekwenda kuchangisha kwenye shule ya sekondari. Wanafunzi. Watoto wa watu waliofikisha miaka 18 na kilo 50, wamekunywa soda wakarudi darasani, hawajui kama kuna mama wa Manyoni anapumua. Ndiyo maana shule zikifungwa, Juni na Desemba, jokofu linakauka. Tangu siku hiyo mimi nachangia mwezi Juni na mwezi Desemba. Mwanaume anaruhusiwa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, lakini mimi nimechagua miezi hiyo kwa sababu hiyo.

Neema_Area_C

Mzee umenitoa machozi asubuhi. Naomba kuuliza, damu inakaa muda gani kwenye hilo jokofu?

MtuWaDarubini

Dada Neema, damu nzima kwenye mfuko wa kawaida ni siku 35, zikipita inamwagwa. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni siku 5 tu. Kwa hiyo watu 200 kuchangia siku moja ya maadhimisho ni vizuri, ila watu 10 kila wiki ni vizuri zaidi.

Mimi nipo maabara, sisemi wapi, mkoa huu huu. Nimesoma uzi nikaona niseme yanayotukosanisha na ndugu za wagonjwa, maana tunakaa nyuma ya kidirisha na tunachosikika ni neno moja tu: imekataliwa, ikachukuliwe tena. Mgonjwa amechomwa, ndugu amepanda ngazi na kichupa, halafu mtu asiyemjua anamwambia arudi. Nayaelewa maumivu hayo. Lakini kukataa ni sehemu ya kumlinda.

Vile vichupa vina vifuniko vya rangi kwa sababu. Cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, kinatumika kwa picha nzima ya damu. Damu ikiingia lazima kigeuzwe taratibu juu chini, mara 8 hadi 10. Asipokigeuza, damu inaganda ndani, na chembe sahani zinanasa kwenye lile bonge. Nikiipima hivyo hivyo nitaandika mgonjwa ana chembe sahani chache mno, na daktari ataanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Akikitikisa kwa nguvu nako chembe zinapasuka. Kwenye kile cha kupima chumvi za mwili, chembe zikipasuka zinamwaga potasiamu, namba inapanda, inaonekana moyo uko hatarini wakati mgonjwa yuko salama. Cha bluu kinapima kuganda kwa damu, na lazima kijae mpaka kwenye mstari. Pungufu ya hapo majibu ni ya uongo. Na damu isichukuliwe mkono wenye dripu, maana unapima maji ya dripu.

Jambo la pili ni kuotesha. Mtu ana homa haishuki, daktari anaandika mkojo au damu ioteshwe. Ndugu anakuja kila baada ya saa 3: majibu? Ndugu yangu, vile vijidudu ni mbegu. Mkojo unahitaji siku 2 au 3, damu yaweza kufika siku 5 na zaidi, ili vimee, vitambuliwe, halafu viwekewe vidonge vya dawa mbalimbali tuone kipi kinaviua. Hakuna mashine ya kuviharakisha hapa kwetu. Na mgonjwa akishameza antibaotiki alizonunua duka la dawa njiani, mara nyingi hakuna kitakachoota. Ukiulizwa umeshatumia dawa gani, sema kweli hata kama ulipewa na jirani.

Na makohozi. Makohozi ya asubuhi, ya kutoka kifuani, siyo mate. Mashine ya vinasaba ya kupima kifua kikuu inatoa majibu chini ya saa 2, ila ukiipa mate itapima mate.

Samahani nimeandika marefu.

BintiWaMvumi

Usiombe samahani kaka. Mama alichukuliwa damu mara ya pili na mimi nikamsema vibaya dada wa watu palepale dirishani. Sikujua.

BabaWaKibaigwa

Wanaume humu mtanisamehe, nitasema nilichofanya.

Mwanangu alizaliwa kabla ya miezi yake, gramu 1,350. Mimi ni mtu wa magunia ya mahindi, mkono wangu mmoja ni mkubwa kuliko yule mtoto. Ilikuwa mwezi wa saba, na mnaujua upepo wa Dodoma mwezi wa saba. Wiki ya kwanza alishuka mpaka gramu 1,240. Nikajua anaondoka. Nesi akanituliza kwamba kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, kwa vile anapoteza maji, tusubiri aanze kupanda.

Mke wangu alikuwa amepasuliwa, homa ikampanda, hakuweza kumbeba. Nesi akaja akaniuliza mimi: baba, una shati la vifungo? Nikafikiri anatania. Akasema vua vesti, kaa. Mtoto akavalishwa nepi, kofia na soksi basi, akawekwa kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, kama chura, kichwa kimegeuzwa pembeni, akafungwa kwa kitenge. Wanaita huduma ya kangaruu. Nikaambiwa ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi na watoto wanalazwa wawili watatu pamoja. Nikasema basi na wao yaliwafika kama sisi, maana pale wodini kwetu mashine moja walikuwa wanalala watoto watatu.

Nilikaa na mtoto kifuani usiku na mchana, kwa kupokezana na mama mkwe. Siku za mwanzo wanawake kwenye kile chumba walijifunika wakinigeukia mgongo, na mimi nilikuwa natazama ukuta kwa heshima. Baadaye wakazoea, wakawa wananitumia kuangalia maji ya uji yasimwagike. Kila baada ya saa 2 mama yake anakamuliwa maziwa, mtoto tunamnywesha kwa mpira mwembamba wa puani, baadaye kwa kikombe kidogo. Nilikuwa nasikia moyo wake ukienda mbio, halafu unatulia. Kuna mara alisahau kupumua. Anafanya hivyo, wale wadogo sana wanasahau. Nikamsugua mgongo kama nilivyofundishwa, akashtuka, akavuta hewa. Angekuwa peke yake kwenye boksi usiku ule, sijui.

Siku ya 34 tulitoka na gramu 1,820. Mahindi yangu yaliharibika godauni. Siyajutii.

Fundi_Nkuhungu

Kisa changu kina uchungu, nitaficha mahali.

Baba alipelekwa kwa kubanwa kifua. Akapigwa eksirei. Picha ikaja wodini, madaktari wanafunzi wakaizunguka, wakaona upande mmoja umejaa maji. Ikaandaliwa sinia ya kumtoboa ubavuni aingizwe mpira. Mimi nimesimama mlangoni. Mama mmoja wa idara ya picha akaja na faili mkononi, anahema, akauliza: huyu mzee amewahi kupasuliwa bega? Nikasema hajawahi kupasuliwa popote tangu azaliwe. Akainua picha kwenye taa. Begani kulikuwa na chuma na skrubu 4, sote tulikuwa hatujakiona, tunaangalia mapafu. Picha ilikuwa ya mzee mwingine. Jina la kwanza moja, la ukoo moja, maana ukoo wetu ni mkubwa na majina tunarithishana kwa babu. Wote wawili walipigwa picha asubuhi ile ile.

Baba moyo ndio ulikuwa umechoka, dawa zake zilikuwa tofauti kabisa. Na yule mzee mwingine alikuwa wodi ya jirani anasubiri, ameambiwa picha yake haina shida.

Wajina ni wengi Ugogoni. Mkienda, tajeni majina matatu na mwaka wa kuzaliwa na kijiji, kila dirisha, hata kama wamekuona jana. Na karatasi ikija, soma jina kabla ya kusoma majibu.

Sista_Mstaafu

Fundi, pole sana. Utambulisho wa mgonjwa ni kosa la mfumo, siyo la mtu mmoja, na nimeliona katika miaka yangu zaidi ya mara moja. Huyo mama aliyekimbia na faili ndiye wa kushukuriwa.

Nilifanya kazi kutakasa vifaa miaka ya mwisho kabla ya kustaafu. Watu hudhani ni kuosha vyombo. Kifaa kikitoka thieta kinalowekwa, kinasuguliwa kwa brashi kila bawaba, kinakaushwa, kinapangwa kwa hesabu, kinafungwa kwa kitambaa mara mbili, kinaingia kwenye mtungi wa mvuke: nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi kutegemea mzigo, au nyuzi 134 kwa dakika chache. Nje kuna utepe ambao mistari yake inageuka kuwa myeusi ikikutana na joto. Utepe unakuambia tu kwamba pakiti imepita kwenye mtungi, ndiyo maana ndani tunaweka kipimo kingine.

Pakiti ikitoka imelowana, siyo safi tena, hata kama utepe ni mweusi. Vijidudu vinapita kwenye unyevu. Inarudi mwanzo. Hapo ndipo simu ya thieta inapoita, mgonjwa yuko mezani, mbona mnachelewa. Nimewahi kusimama mbele ya daktari bingwa, mimi na gauni langu la kijani, nikamwambia hii haitoki. Alikasirika siku nzima. Na maji yetu ya visima, mnajua sufuria za hapa zinavyofanya ukoko mweupe, ule ukoko unajijenga pia ndani ya mtungi. Fundi wa mitambo alikuwa rafiki yangu kuliko mtu yeyote pale ndani.

Chemba_Asilia

Mimi fupi. Bili ilinishinda, nimeshauza mbuzi wawili. Mgonjwa jirani akaniambia nenda Ustawi wa Jamii, wana ofisi humu humu hospitali. Nilikuwa sijui. Babu yangu ana miaka 71 na hana kipato, ana haki ya msamaha. Nendeni na barua ya mtendaji siku ya kwanza, msingoje siku ya kuruhusiwa.

MamaMdogoBahi

Naandika kwa niaba ya dada yangu, yeye hana simu kubwa.

Mtoto wake alikuwa na miezi 19, miguu imevimba, uso umejaa, nywele zimekuwa nyepesi rangi ya kutu. Kijijini walisema ni mnene. Mhudumu wa afya wa kijiji akambonyeza juu ya wayo, kikabaki kishimo. Akaandika rufaa siku hiyo hiyo.

Wodini alipimwa kilo 6.4. Wakampa maziwa yale ya F-75, kidogo kidogo kila saa 2, usiku pia. Dada akaona ni dhuluma, mtoto ana njaa anapewa vijiko. Mimi nilitaka kumkorogea uji wa uwele wenye karanga nimwingizie kisirisiri. Nashukuru niliuliza. Dada wa lishe alitukalisha akatueleza kwamba mwili wa mtoto aliyekaa na njaa umejizima, ukiushtua kwa chakula kingi moyo unaweza kushindwa. Maziwa yale ya kwanza ni ya kumtuliza tu.

Siku ya nne akapimwa, kilo 5.7. Dada alikaa chini sakafuni akalia, akafunga nguo zake aondoke. Dada wa lishe akamfuata mpaka mlangoni. Akamwambia hizo ni maji yanatoka, mtazame miguu. Kweli, vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kuonekana. Siku ile ile mtoto alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ndipo wakambadilishia maziwa mazito, halafu chakula dawa cha pakiti, na dada akafundishwa kupima mkono kwa ule utepe, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani hatari.

Neema_Area_C

Naweka cha mochwari, sijawahi kukisema. Kaka yangu alifariki kwa ajali njia ya Iringa. Nilikwenda kumtambua peke yangu. Yule baba wa zamu kabla hajavuta droo aliniuliza nyumbani mlikuwa mnamwitaje. Nikamtajia. Akasema, akitumia lile jina la nyumbani, dada yako amekuja. Ndiyo akavuta.

BintiWaMvumi

Neema, pole mpendwa.

Nimemsomea mama uzi wote jana usiku, taa imezima, kwa mwanga wa simu. Amenisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza kwa yule bibi wa kitanda cha pili, akauliza kama alirudi kwao. Alirudi, nilimpigia mwanawe, kidonda kinaoshwa zahanati. Mara ya pili ameniuliza, yule mtoto wa Bahi sasa ana kilo ngapi? MamaMdogo, hajalala, anasubiri nimjibu.

MamaMdogoBahi

Mwambie mama shikamoo. Kliniki ya wiki iliyopita alikuwa na kilo 9.1. Anakimbiza kuku.

BintiWaMvumi

Nimemwambia. Amesema marahaba, na ameomba ile chupa ya kupuliza.